Njia Isiyopanda

Ndabaniwe, umeniandikia kwamba magoti yamekwisha,
kwamba hapo Mwanga kutoka mlangoni hadi dukani
ni kupanda, na kurudi ni kupanda tena.
Sijui ni mlima gani huo wenye migongo miwili.
Basi njoo Malagarasi. Huku nchi imelala chali.

Shuka stesheni, usivuke reli.
Najua mguu utataka kuvuka; wangu nao ulitaka,
mwaka mzima baada ya kustaafu.
Geuka penye tangi la maji la enzi za treni za moshi,
lile lililotoboka, ufuate kingo za majaruba ya akina Mihayo.
Tuta ni jembamba, ila waamia ndege wamelikanyaga
hata limekuwa gumu kama sakafu ya baraza.
Mpunga ukishavunwa hubaki mabua na yangeyange,
weupe, wanainua miguu
kama makarani wenye viatu vipya.

Mbuga utaisikia kabla hujaiona:
vyura, kisha kimya, kisha vyura.
Hapo tazama chini.
Udongo mweusi uliopasuka, kanyaga.
Mweusi unaong'aa, uache.
Penye nyayo za ng'ombe pana njia;
penye nyayo za kiboko pana mwenyewe.

Nilidhani nitachoshwa na utambarare huu.
Miaka thelathini na mmoja tulitembea juu ya mataruma,
nyundo begani, tukigonga chuma tusikie kama kina uongo,
hatua moja taruma moja,
hata nyumbani mke wangu akawa ananicheka:
unatembea kama mtu apandaye ngazi iliyolazwa.
Reli ilituambia pa kuweka mguu.
Huku hakuna akuambiaye.
Maji yakiondoka huacha njia nyingine kila mwaka
nasi tunaikubali. Bi Sikudhani hutangulia
na ungo wake wa kambale wa kubanika;
nyayo zake ndizo ramani ya mwezi wa saba.

Siku moja aliniuliza, bila kugeuka,
"Mzee, unahesabu nini?"

Nilikuwa mia nne na kumi na mbili.
Sikujua kama nahesabu kwa sauti.

Habari za mama Gwimo sitazigusa.
Nilikuwepo, na udongo niliutupa kwa mkono huu.
Nasema tu kwamba ukingoni mwa mto,
pale mafunjo yanapoachia nafasi ya upana wa mlango,
pana gogo la mninga.
Linatosha watu wawili; wa tatu atabanwa.
Maji hupita polepole hata usijue yanaelekea wapi,
mpaka utupe jani.
Nimekaa pale siku nyingi,
upande mmoja wa gogo,
nikitupa majani.

Ni mwendo wa saa moja na nusu.
Kwa magoti yako, mbili, na hakuna anayetusubiri.
Hakuna pa kupanda, ila kichuguu kimoja
ambacho hata mimi nakizunguka.
Usikawie lakini. Njia hii ina miezi yake:
mvua za Novemba zikishika,
Desemba samaki watapita tunapopita sisi,
na yungiyungi litachanua juu ya nyayo zetu
bila kuuliza zilikuwa za nani.

Fimbo usilete, nimechonga mbili.
Ya kwako fupi kidogo, nilikisia;
sijui siku hizi umeinama kiasi gani.

Halafu treni ikisimama Uvinza, chungulia dirishani,
wauza chumvi watakuja wenyewe.
Ninunulie kilo tano.
Hii ya dukani hapa ina mchanga,
na mwenye duka anakana.